Bibi wa Zege

Binti yangu aliolewa na mhandisi wa maji. Mimi nikaolewa na vipaji vyake.

Mchana mkwe wangu alikuwa mtu wa mabomba na pampu, kofia ngumu kichwani, buti miguuni, akisema "ndiyo" na "hapana" kwa sauti ya mtu aliyepiga hesabu kwanza. Tulikaa katika nyumba ya kazi, nyumba nzuri, yenye chumba changu mwenyewe chenye dirisha la kuchungulia wapita njia. Lakini jua likianza kuinama na ile kofia kutundikwa msumarini, mhandisi alitoka akaingia msanii, na msanii huyo alikuwa hajui kukaa peke yake.

Alianza na kinanda. Alikipiga kama anayekaza nati: kila sauti aliikandamiza mpaka mwisho, kisha akatega sikio kusikiliza kama inavuja. Majirani walivumilia, maana ndiye aliyekuwa anawaletea maji. Kisha akahamia ufinyanzi, akafinyanga vikombe. Sasa mhandisi hafanyi kitu bila ziada. Mzigo ukiwa wa punda mmoja, yeye hujenga daraja la punda watatu na mwenye punda kalewa. Akapiga hesabu ya mtu atakayekiangusha kikombe, akaongeza ya mtu atakayekikalia. Vikombe vikatoka vimeiva vizuri, vizito kama vinu. Kunywa chai kwetu kukawa kazi ya misuli, na mgeni akiaga mapema hatukumlaumu. Halafu ukaja ushairi. Siku ya kukumbuka ndoa yao alimsomea mkewe beti alizotunga mwenyewe, kwamba penzi lake lina msukumo wa kufika ghorofa ya tatu bila pampu. Binti yangu akalia. Hakutuambia kwa nini.

"Mama," aliniambia jikoni, "niombee huyu mtu achoke."

Hakuchoka. Akaja na penseli.

Hapa lazima niseme ukweli hata kama unaniharibia utani: kwa penseli, yule mtu alikuwa amejaaliwa. Akichora sufuria, unajua imetoka motoni sasa hivi. Akichora kiti kitupu, unajua aliyekikalia ameondoka kwa hasira. Nilishangaa. Nilikuwa nimeshajiandaa kumcheka, kicheko kikanikwama kooni kama mfupa.

Akataka mtu wa kumchora. Mkewe alikataa, ana kazi, ana watoto, ana akili. Paka alihama nyumba. Nikabaki mimi, kwa sababu mtu wa umri wangu akishakaa, kusimama ni mradi.

Siku ya kwanza alinikuta nimetoka jikoni kupumua, nimekaa kwenye kigoda, mwiko bado uko mkononi.

"Mama, hapo hapo! Usiuteremshe mwiko. Mkono umekaa vizuri."

"Mkono umekaa vizuri, mboga inaungua."

"Mboga tutapata nyingine, mama. Mkono kama huo sijui tutaupata wapi."

Jamani, mimi nimezaa, nimelea, nimezika mume, na katika safari yote hiyo hakuna aliyewahi kuusifu mkono wangu isipokuwa ukiwa na chakula. Nikauacha juu. Mboga ikaungua.

Kuanzia hapo kila jioni nilikaa, na yeye alichora. Aliyajua mashavu yangu kuliko daktari.

Sasa nieleze desturi ya ofisini kwao, maana bila desturi hiyo nisingepatwa na yaliyonipata. Wakichora kitu kikubwa, mnara au daraja, huchora na mtu pembeni ili mtazamaji aone ukubwa wake. Wanamwita mtu wa kipimo. Kwa kawaida ni kijitu tu, kichwa duara, mwili kama kibanio cha nguo, hana mama wala shangazi. Mkwe wangu alipopewa kazi ya kuchora tangi la maji la mtaa wetu, na mnara wake, na safu ya mabomba ya kuchotea chini yake, alifika mahali pa kuweka kile kijitu, mkono ukagoma. Nadhani alikuwa amenizoea. Akaniweka mimi. Nimekaa kwenye kigoda kando ya mabomba, mwiko juu, kitambaa kichwani na fundo lake, mashavu yote mawili.

Hilo lingesamehewa. Lakini ofisini kwao kuna amri kuu kuliko zote: kilichomo kwenye mchoro lazima kiwe na vipimo. Bomba lisilo na kipimo ni aibu. Na mkwe wangu, mtu makini, aliponimaliza akaniona nimekaa pale bila tarakimu hata moja, roho ya kazi ikamsuta. Akanipima. Urefu, akaandika. Mzingo wa kigoda, akaandika. Upana wa nyonga, akaandika, kwa milimita, na vimshale viwili, kimoja huku na kimoja kule.

Mchoro ukapanda ngazi. Ukagongwa muhuri na mkuu wa idara yao, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Muhuri kwa sababu aligonga kwanza akasoma akistaafu. Ukaenda makao makuu, ukatiwa sahihi za meza zote, ukarudi umechakaa kwa heshima. Hakuna aliyemwona bibi. Wote walikuwa wanatafuta mahali pa kutia sahihi.

Aliyemwona ni mkandarasi. Huyu alikuwa mtu aliyewahi kuungua. Katika kazi ya nyuma aliacha kujenga kipandio kidogo cha ngazi, akidhani ni pambo la mchoraji, wakamvunjisha ukuta mzima arudie. Tangu siku hiyo aliapa: chenye vipimo kinajengwa, hata kiwe nini. Hata hivyo alijikuna kichwa, akaenda kwa Bwana Muhuri, ambaye alikuwa na simu sikioni.

"Bosi, na yule bibi?"

"Bibi gani?"

"Wa kwenye mchoro."

"Mchoro una muhuri?"

"Unao."

"Wa nani?"

"Wako, bosi."

"Sasa unaniuliza mimi nini? Jenga kama ulivyochorwa." Akarudi kwenye simu.

Mkwe wangu siku hizo hakuwepo wa kuulizwa. Alikuwa amepelekwa mbali kwenye mafunzo. Mafunzo yenyewe yalihusu usimamizi wa karibu wa miradi.

Habari niliipata kwa jirani yangu, mwanamke asiyejua kubisha hodi. Aliingia na ndoo tupu, akaniona, akarudi nyuma hatua.

"Bibi! Si nimekuacha bombani sasa hivi?"

"Mimi sijatoka tangu asubuhi."

"Umekaa pale. Nimekusalimia hukuitikia, nikasema leo ameamka vibaya."

Nikachukua fimbo yangu tukaenda. Na kweli nilikuwa pale. Nimekaa kando ya mabomba, wa kijivu, mkavu, mwiko juu kama ninayetaka kumchapa anayeruka foleni. Na foleni, nawaambia, ilikuwa imenyooka kama uzi. Nikazunguka kujiangalia mgongo, kitu ambacho si kila mtu amepata nafasi ya kukifanya. Mafundi walikuwa wamefuata mstari kwa mstari. Shavu la kushoto, ambalo marehemu mume wangu alilisifu mara moja tu, tena akiwa na homa, lilikuwa pale pale. Na jicho lina ile hali ya kutaka kusema jambo na kulizuia.

Mkandarasi alikuwa anakusanya vyombo vyake. "Shikamoo, bibi. Samahani, ndiye wewe?"

"Marahaba. Inategemea anayeuliza ni nani."

"Maana nondo za nyonga zilinipa shida, bibi."

"Hazijaanza kwako, baba."

Nisiwafiche, nilifurahi. Watu wakubwa hujengewa sanamu wakishakufa, na mara nyingi juu ya farasi, hawapati hata kujua kama pua ilitoka sawa. Mimi nilikuwa naenda kujitazama jioni baada ya jua kupoa. Wanawake waliniegemezea ndoo mapajani. Watoto waliniamkia mara mbili, mimi na yule mwenzangu, na mwenzangu ndiye aliyekuwa hachoki.

Mkwe wangu aliporudi kutoka mafunzoni, binti yangu alimpeleka moja kwa moja kwenye tangi hata begi hajalitua. Nikafuata, sikutaka kukosa. Alisimama. Uso ukamwisha damu. Kisha akasogea, akainama, akaipapasa ile sura kwa kidole kama kipofu. Na polepole, jamani, akatabasamu.

"Wamepata kope," alinong'ona. "Mama, wamezipata kope!"

"Utafukuzwa kazi!" binti yangu alimwambia. "Unanisikia? Umemjenga mama yangu kwa saruji ya watu. Tutatolewa kwenye nyumba, sisi na watoto na huyu mama, na wewe unahesabu kope!"

"Lakini mke wangu, mtazame kwanza. Katika maisha yangu yote nimejenga mabomba, na bomba likishakuwa zuri linafukiwa."

Binti yangu akanitazama mimi. Nikatazama mawingu.

Na maneno yakasafiri, kama kawaida ya maneno. Kabla tangi halijafunguliwa rasmi, makao makuu walipata habari kwamba kuna mhandisi amemjengea mama mkwe wake sanamu. Ikasemwa mkaguzi mkuu anakuja mwenyewe. Bwana Muhuri akatufikia nyumbani jasho linamtoka, tukampa chai katika kikombe cha mkwe, akashindwa kukinyanyua, akainama kukinywea mezani kama ndama.

"Injinia, kile ni nini?"

"Ni mtu wa kipimo, mkuu."

"Mtu wa kipimo ni wa karatasini!"

"Muhuri pia ni wa karatasini, mkuu. Lakini uligonga, wakajenga."

Bwana Muhuri akajifuta shingo. "Basi sikilizeni. Kile hakiwezi kuwa mtu. Kikiwa mtu, wataniuliza ni mtu wa nani. Kikiwa kifaa, hakuna swali. Vifaa havina ukoo. Mimi nitaeleza kifaa. Injinia, wewe utanyamaza. Na wewe, mama yangu, siku hiyo usionekane."

"Nisionekane vipi, baba, nami nimekaa pale kutwa?"

Hakucheka. Watu wenye mihuri hawana mbavu za kucheka.

Alipoondoka, binti yangu alinifuata chumbani akakaa kitandani kwangu kama alivyokuwa anafanya utotoni akiwa na shida.

"Mama, mume wangu namjua. Wakimkoroga kidogo tu atasema ukweli, tena ukweli wa msanii. Atasimama kutetea kope. Na wewe nakujua pia."

"Mimi nimefanya nini?"

"Unaenda kule kila jioni kujisalimia. Mama, wakikuita, naomba kitu kimoja. Usifanane."

"Mwanangu, mimi nimefanana na mimi tangu nizaliwe, nitaachaje ghafla?"

"Kwa siku hiyo tu." Na macho yake yalikuwa yamejaa maji, naye si mtu wa kulia ovyo, ukiondoa ule ushairi. Nikaona anavyokiangalia chumba changu na dirisha lake. Utani ukanitoka kidogo.

Siku ikafika. Mkaguzi mkuu alikuwa mama wa makamo, miwani kwenye ncha ya pua, viatu vya kisigino vinazama kwenye tope la bombani, kila akitoa kimoja kinazama kingine. Mimi nilikuwa nyumbani kama nilivyoamriwa, yaani nyuma ya ukuta wa jirani, mahali ambapo mtu anasikia vizuri.

"Hiki ni nini?" aliuliza.

Bwana Muhuri akakohoa. "Hii, mheshimiwa, ni Nguzo Saidizi ya Kudhibiti Foleni."

"Ina pua."

"Ni... sehemu ya kushikia, mheshimiwa."

"Na huu mwiko?"

"Kielekezi cha upepo."

Mkaguzi akausukuma. "Haugeuki."

"Ni cha upepo wa upande mmoja, mheshimiwa. Huku upepo hautoki kwingine."

"Na haya mawili ya kifuani?"

Bwana Muhuri akamtazama mkandarasi. Mkandarasi akamwokoa: "Yamo kwenye mchoro, mheshimiwa. Yana vipimo."

Mkaguzi akaukunjua mchoro. Akasoma vipimo, akapandisha miwani, akashuka na kidole mpaka chini kabisa kwenye sahihi. Hapo akasimama muda. Baadaye nilikuja kujua alichokiona: ya mwisho ilikuwa yake mwenyewe, imejikunja kwa madaha kama mkia wa paka. Akaukunja mchoro haraka kuliko alivyoukunjua.

"Mimi sijaja kugombana na mchoro," alisema, sauti imelainika. "Mchoro ulipitia taratibu zote. Nimeambiwa tu kwamba hii sura ni ya mama mkwe wa mhandisi. Ikiwa yake, ni upendeleo, na mhandisi anaondoka leo. Ikiwa si yake, hakuna kesi. Mleteni huyo mama tulinganishe."

Nilipatikana haraka kuliko walivyotarajia, wakasifu mwendo wangu. Kabla ya kutokeza nikageukia ukuta, nikayatoa meno yangu ya bandia, ya juu na ya chini, nikayafunga kwenye leso. Mashavu yakaanguka ndani. Pua ikakutana na kidevu, walikuwa hawajaonana siku nyingi. Kile kitambaa cha kichwani nikakivuta mpaka kwenye nyusi, nikatoka natetemeka kuliko umri wangu unavyodai.

Kadamnasi yote ya bombani ilikuwepo, ndoo chini, na hakuna aliyefungua kinywa. Mtaa wetu unapenda maneno, lakini unapenda maji zaidi, na mleta maji walimjua.

"Shikamoo, mama," mkaguzi alisema. "Hebu simama hapa pembeni yake. Huyu ni wewe?"

"Shi mimi," nikasema, upepo ukanitoka pande zote.

Nikasikia mtu anavuta pumzi. Ni mkwe wangu. Alikuwa ananitazama jinsi fundi anavyotazama ukuta wake ukibomoka. "Taya!" alisema. "Mama, taya! Mheshimiwa, hivi sivyo alivyo, hapa taya imepoteza..."

Binti yangu akamkanyaga buti.

"Mhandisi, unasema anafanana?" mkaguzi aliuliza.

"Nasema uwiano ulikuwa sahihi," alisema mkwe wangu, na kidevu kimepanda juu. Nikajua tumekwisha. Aliloliogopa binti yangu lilikuwa linakuja, limevaa kofia ngumu.

Basi nikamtangulia. Nikaigeukia ile sanamu, mwenzangu wa jioni zote zile, nikazitazama zile kope, na Mungu anisamehe.

"Mheshimiwa," nilisema, "kama ni mkwe wangu aliyemchora huyu, basi hajui kuchora. Tazama macho, moja linaangalia bomba, jingine linamtafuta shemeji yake. Mkono umetoka mbavuni. Shavu limevimba kama la mtu anayeficha karanga. Mtoto wa shule akimchora bibi yake hivi, anaambiwa afute arudie."

Watu wakacheka. Mkwe wangu hakucheka. Nimewaona watu wakipokea habari za msiba, nawajua wanavyokaa. Alikaa hivyo hivyo ingawa alikuwa amesimama.

Mkaguzi alinitazama kwa muda juu ya miwani, kisha akaitazama leso niliyoishika. Mwanamke hodari. Nadhani aliyaona meno. Lakini aliiona na sahihi yake pia, na viatu vilikuwa vinazidi kuzama.

"Mhandisi," alisema taratibu, "unakubali kwamba hujui kuchora? Jibu vizuri, maana litaandikwa."

Tone moja likadondoka kwenye koki ya mwisho. Mkwe wangu aliitazama ile sura. Akamtazama mkewe, ambaye alikuwa ameshika mkono wake kwa mikono miwili.

"Nakubali," alisema, kwa sauti ndogo kama bomba lililofungwa mahali mbali. "Sijui kuchora."

"Andikeni," mkaguzi akawaamuru, akiwa na furaha iliyo wazi. "Mhandisi hana kipaji chochote cha kuchora watu. Kwa hiyo kufanana hakuwezekani. Nguzo Saidizi ibaki." Akatoa viatu vyake kwenye tope akaenda zake.

Nyumba ikapona, na kazi pia. Bwana Muhuri alimpa mkwe wangu mkono kama aliyepandishwa cheo. Ila penseli iliwekwa kwenye droo. Jioni nilikaa kwenye kigoda changu kama kawaida, yeye akapita mbele yangu kama anayepita mbele ya duka lililofungwa. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba." Basi, hayo ndiyo mazungumzo. Nilijaribu hata kuunguza mboga. Wapi.

"Mpe muda," binti yangu aliniambia.

"Nimpe muda? Mimi nimempa kazi na nyumba, na muda pia?"

Lakini usiku wangu haukuwa mzuri, na nilijua kwa nini. Tusi la kweli mtu hulizoea. Nililomtukana lilikuwa la uongo, naye alikuwa amelikubali mbele ya watu.

Makao makuu hawakutulia. Kumbe foleni yetu iliyonyooka ilikuwa imewavutia, ikatoka amri kwamba kila tangi jipya liwe na Nguzo Saidizi ya Kudhibiti Foleni. Na kwa kuwa ilishaandikwa kwamba mkwe wangu hana kipaji, wakatafuta mtu mwingine wa kuichora. Mkwe wangu akapewa kusimamia ujenzi tu.

Siku tangi la mtaa wa pili lilipomalizika, alirudi nyumbani mapema, buti lina matope mpaka magotini, akaja moja kwa moja nilipo.

"Mama, inuka. Njoo uone walichokufanyia."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoniambia tangu siku ile. Niliinuka kabla hajabadili nia. Njia nzima alikuwa anafoka: shingo wamefanya kama ya chupa, mwiko kama koleo, kope hakuna, hakuna kabisa, wameweka mistari miwili kama mlango wa kabati. Nilimsikiliza kama mtu anayesikiliza mvua baada ya kiangazi.

Na kweli nilikuwa nimeharibika. Nimekaa pale mtaa wa pili kama kiazi kilichopewa kigoda. Lakini sikuwa peke yangu. Bibi mmoja wa rika langu alikuwa ameegemea bega la ile sanamu, amejipamba kwa kitambaa kipya kichwani, anapokea salamu za wachota maji.

"Karibuni," alisema. "Mmekuja kuniona?"

"Kukuona?"

"Huyu ni mimi, dada. Mtaa wote unasema. Hata mjukuu wangu ananiamkia hapa kabla hajaniamkia nyumbani."

Mkwe wangu akafungua kinywa. Nikampiga kiwiko. Ile furaha ya yule mwanamke niliijua, niliivaa mwenyewe kabla sijaifunga kwenye leso na meno.

"Mmefanana mno," nikamwambia. "Kama mapacha."

"Hata shingo?"

"Shingo ndiyo usiseme."

Mkwe wangu akatoa sauti ya bomba lenye hewa.

"Na mtaa wenu mmejengewa nani?" akauliza bibi yule.

Hapakuwa na mkaguzi pale wala karatasi. Meno yangu yalikuwa yote kinywani. Nikamtazama mkwe wangu, naye akawa anatazama buti zake.

"Wa kwetu ni mimi," nikasema. "Na huyu hapa, mkwe wangu, ndiye aliyenichora. Kwa mkono wake. Hakuna mwingine anayeweza."

Alinyanyua kichwa. Yule bibi naye akanitazama, kutoka kitambaa mpaka viatu, akaanza kucheka mpaka akashikilia mwiko wa zege asianguke.

"Wewe dada, uongo una umri wake! Wa kwenu nimemwona, nilipita juzi. Nilikaa naye mpaka nikasahau safari yangu. Yule ana uhai, nikadhani atanisemesha. Mtu aliyemchora yule alikuwa anampenda huyo bibi. Wewe?" Akapangusa machozi. "Wewe hufanani naye hata kidogo."

Tukaaga. Mkwe wangu alitembea kimya mpaka tulipoipita kona, akiwa amevua kofia, ameishika kwapani, na nywele zake zimesimama.

"Mama, umemsikia? Anasema ana uhai."

"Nimemsikia, baba. Nimelisikia na lile jingine."

Akacheka hapo, kicheko kikubwa, mpaka mwenye duka akatoka kutazama. Kisha akanishika mkono tukavuka barabara, ananieleza habari ya taya.